Mnaua Mama Mwenye Watoto Kinywani

Sikieni, watu wa Kasulu na Kibondo, mnaokunywa maji ya Ruchugi na ya Malagarasi, na ninyi pia mnaokaa juu milimani mkidhani kwamba mto ni habari za watu wa bondeni. Nina neno nanyi, na sitalilainisha. Mnaimaliza mito yenu kwa mikono yenu wenyewe, mchana kweupe, kwa utupa uliotwangwa nyuma ya nyumba na kwa chandarua mlichopewa bure ili mtoto asife kwa malaria. Mnafanya hivyo watu wakiwatazama, na jioni mnaota moto pamoja na hao waliowatazama, wala hakuna anayeuliza.

Nianze na samaki wenyewe, maana mtu hawezi kutubu kosa asilolijua.

Perege wa Malagarasi ni mwenyeji wa bonde hili, na hana bonde jingine la asili duniani. Ethelwynn Trewavas, mtaalamu wa Uingereza aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kuwachunguza jamaa wote wa perege, alimtofautisha na wenzake mwaka 1983, akaitwa Oreochromis malagarasi. Tazameni jamii hii inavyozaa. Dume hutafuta maji ya kina kifupi yaliyotulia, akachimba shimo la mviringo kwenye mchanga au tope, akalisafisha, akaliwania na madume wengine. Jike akija hutaga humo, na papo hapo huyaokota mayai kwa kinywa chake. Tangu saa hiyo mayai hayalali tena chini. Mama huyabeba kinywani, akiyageuzageuza ili maji mapya yapite kati yake, mpaka yaanguliwe. Na yakishaanguliwa huendelea kuwabeba watoto hadi waweze kuogelea na kujitafutia. Kazi hiyo huchukua wiki mbili hivi, pengine zaidi, na kwa muda wote huo mama hali, au akila ni kidogo sana. Anakonda. Siku anapoanza kuwaachia watoke huwachunga karibu naye, na kikipita kivuli cha hatari wanarudi mbio kinywani mwake, naye anafumba.

Hapo ndipo chandarua chenu kinapomkuta.

Mama perege hana mayai ya kupoteza. Kambare anayo: mvua za kwanza zikifurisha majani ya kando ya mto, kambare jike hupanda usiku kwenye maji hayo mapya, akataga makumi ya maelfu ya mayai yanayonata kwenye majani, kisha huondoka asirudi kuyaangalia. Yeye amepewa wingi. Perege amepewa malezi. Mayai yake ni mamia tu, na kila moja limewekewa ulinzi wa mwili wa mama. Ukimtoa mama huyo majini wakati analea, umewatoa wote aliokuwa amewabeba. Nimewaona mama hao wametupwa kando ya mto, wakitema mayai ya manjano kwenye mchanga, na vijana wakiyakanyaga kwa sababu wana haraka ya kukokota mara ya pili.

Ninyi watu wa Kasulu mna wa kwenu tena, mdogo kuliko perege, na wengi wenu hamjapata kumsikia. Mwaka 1998 wataalamu wawili, Luc De Vos wa Ubelgiji na Lothar Seegers wa Ujerumani, walichapisha maelezo ya aina saba mpya za samaki kutoka mito ya Malagarasi, Luiche na Rugufu. Mmoja alipewa jina la Uvinza, mwingine la Luiche, mwingine la Rugufu. Yule wa Ruchugi walimwita Orthochromis kasuluensis. Amebeba jina la mji wenu, na hajulikani kuwapo nje ya Ruchugi na vijito vyake. Ni samaki asiyezidi urefu wa kidole kirefu. Hakai kwenye maji yaliyolala. Anakaa pale maji yanapopiga mawe na kutoa povu, ametulia juu ya jiwe huku mkondo ukimpita. Katika jamii yake pia mama hubeba mayai kinywani, akiwalea wanawe katikati ya maji yanayokwenda kasi kiasi cha kumwangusha mtu mzima. Ni miji mingapi ya Tanzania iliyopewa samaki wake? Arusha inaye? Dodoma inaye? Ninyi mmepewa, na chakula chake, ule utelezi wa kijani na wadudu wadogo walio juu ya mawe, mmeufunika kwa udongo mwekundu wa mashamba yenu.

Sasa nizungumze na watia utupa.

Mnaujua utupa. Mnaupanda kando ya shamba kufukuzia fuko, na huko shambani sina ugomvi nao. Lakini mnakwenda nao mtoni mwezi wa nane, maji yakiwa yamepungua. Hamwendi masika, kwa sababu masika mto una nguvu na sumu yenu ingepotea bure. Mnangoja kiangazi, wakati samaki wa mwendo mrefu wa mto wamekimbilia kwenye vidimbwi vichache vilivyobaki, wakubwa kwa wadogo, perege na kambare na wale wasio na jina sokoni. Vidimbwi hivyo ndivyo akiba ya mto. Waliomo humo ndio watakaoujaza mto upya mvua zikirudi. Hakuna mkulima wa Heru Juu anayekula mbegu yake ya maharage mwezi wa tisa. Ninyi mnaila mbegu ya mto mzima kwa alasiri moja.

Na sumu hiyo jinsi inavyoua, mngeijua msingeichezea. Ndani ya utupa mna kitu kinachoitwa rotenoni. Huingia kwa samaki kupitia matamvua, ikachukuliwa na damu, ikafika mwilini na kuuzuia mwili usiweze kuitumia oksijeni. Samaki anakufa kwa kukosa pumzi katikati ya maji yenye hewa ya kutosha. Ndiyo maana mnamwona anapanda juu, anatweta, anazunguka kwa ubavu. Mama aliyejaza watoto kinywani anafungua kinywa kutafuta hewa, na watoto wanamwagika kwenye maji yale yale yanayomuua. Mnaokota walio sawa na kiganja. Wengine wote, wale wa ukubwa wa punje ya mchele, mnawaacha wachukuliwe na mkondo. Pamoja nao wanakufa wadudu wa majini ambao ni chakula cha samaki; kwa hiyo hata kama samaki wachache wangepona wasingekuta cha kula. Halafu mwaka unaofuata mnasimama kwenye daraja mnasema mto siku hizi umekuwa mchoyo.

Ole wenu zaidi ninyi mlioacha utupa mkashika dawa za dukani, zile za kunyunyizia tumbaku na mboga. Utupa angalau jua huuondolea nguvu baada ya siku chache. Hizo zenu nyingine zimetengenezwa ili ziue, na chupa yake ina maandishi yanayokataza isikaribie maji. Mnamuua samaki kwa sumu ya wadudu, mnamkausha juani, mnampakia kwenye pikipiki, mnamuuzia mama mjamzito ambaye hakuwaona mkifanya kazi yenu. Mbele ya Mungu na mbele ya watu, hilo ni zaidi ya uvuvi haramu. Mnawalisha jirani zenu sumu, na mnapokea fedha yao.

Najua mtakavyojibu, kwa sababu majibu yenu nimeyasikia tangu utotoni.

Mnasema babu zetu walitumia utupa na samaki hawakuisha. Babu zenu walikuwa wangapi? Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu chini ya 500,000 katika mkoa wote wa Kigoma. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu 2,500,000. Ruchugi haikuongezwa. Babu alitia utupa kwenye kidimbwi kimoja, na vingine juu na chini vikabaki na wenyewe. Leo kila kidimbwi kina mwenye kinu. Na ninyi mnaopenda kuwataja babu, watajeni kwa yote. Ruchugi hii hii inashuka hadi Uvinza, kwenye chemchemi ambako watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Karne zote hizo watu wa Buha, nchi yenu hii, walikuwa wakishuka kufuata chumvi na kupanda nayo milimani, vizazi kwa vizazi, na mto waliowaachia ulikuwa na samaki. Huo ndio urithi wao. Kinu cha kutwangia utupa mmechagua ninyi kukirithi.

Mnasema wakimbizi ndio waliomaliza. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015. Ni kweli miti mingi imekatwa kuzizunguka kambi hizo, na vilima vilivyovuliwa nguo vinateremsha udongo mtoni; sikatai. Lakini semeni kweli: je, Ruchugi ilianza kutiwa sumu mwaka 1996? Mtu aliyekimbia vita akiwa na sufuria kichwani amekuwa kwenu mahali pa kutupia dhambi zenu. Muacheni. Naye akitia sumu nitamkemea kwa maneno haya haya, lakini hatabeba ya kwenu.

Mnasema ni njaa. Hapo nataka mnisikie vizuri, kwa sababu njaa naiheshimu. Mwanamke anayekaa na ndoano ya chambo cha nyungunyungu apate samaki watatu wa watoto wake, simkemei. Mzee anayetega mgono kwenye mkondo mwembamba na kuukagua asubuhi, simkemei. Hao ndio wenye njaa, na ndio mnaowaibia. Anayetwanga gunia la majani, akaita vijana, akaandaa pikipiki ya kupeleka mzigo sokoni, huyo hatafuti chakula cha jioni. Anatafuta fedha ya haraka, na anaichukua kutoka kwenye ndoano ya yule mama, maana kesho yake mama atakaa kutwa nzima na kamba yake haitatikisika.

Na chandarua. Kililetwa kukinga damu ya mtoto na mbu. Mmekitoa juu ya kitanda mkakiburuta mtoni, na matundu yake hayapitishi hata mtoto wa perege aliyetoka kinywani kwa mama leo asubuhi. Kwa kitendo kimoja mnawaweka hatarini watoto wa aina mbili, walio majini na aliye kitandani. Hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa wodi za watoto mnazijua na homa ya masika mnaijua.

Wakulima, msidhani nimewapita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka mita 60 kutoka ukingo wa mto zisiguswe. Ninyi mmelima mpaka jembe linachovya maji. Mmeng'oa matete yaliyokuwa yanachuja udongo, mmechimba udongo wa matofali ukingoni, mnasuuza bomba la dawa mtoni baada ya kunyunyizia. Kila mvua inayopiga, mlima wenu unahamia kwenye mawe ya yule samaki mdogo aliyebeba jina la Kasulu, na jiwe lililofunikwa na tope haliotesi chakula chake.

Kuna na mnaofuga samaki, na kwenu nitasema kwa upole kwa sababu mnajaribu jambo jema. Chimbeni mabwawa. Kuleni samaki mliowalea. Lakini vifaranga mnavyonunua mara nyingi ni vya sato, na sato si mwenyeji wa mito hii ya milimani. Bwawa likivunja ukingo masika, au mkivimwaga mtoni makusudi mkisema mnaongeza mbegu, sato atakutana na perege wa Malagarasi na watazaa pamoja. Watoto wao nao huzaa. Baada ya vizazi kadhaa hakuna atakayeweza kumtambua perege wenu wa asili, na mtakuwa mmempoteza bila kumuua hata mmoja. Utafiti wa wataalamu wa Tanzania na Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta samaki wa kupandikizwa, sato akiwa mmoja wao, wameenea katika mabonde mengi ya nchi hii yasiyo ya kwao.

Waulizeni ndugu zenu wa Ziwa Victoria habari za ngege. Alikuwa ndiye samaki mkuu wa meza zao. Michael Graham alifanya uchunguzi ziwani humo mwaka 1927 na 1928, akaona anavyopungua, akashauri nyavu zisiwe na matundu chini ya inchi 5. Sheria iliwekwa, kisha katika miaka ya 1950 watawala wakaanza kuilegeza, na miaka hiyo hiyo sangara na sato wakapandikizwa ziwani. Leo ngege ametoweka karibu kabisa katika ziwa kuu. Amebaki kwenye viziwa vidogo vya pembeni. Mjukuu wa mvuvi wa Mwanza anamsikia ngege kwa masimulizi. Lile ni ziwa lenye ukubwa wa nchi, na jambo hilo lilitokea ndani ya umri wa mtu mmoja. Kijito cha Kasulu kitadumu miaka mingapi?

Na mnapoharibu huku juu, hamjiharibii peke yenu. Malagarasi huanzia kwenye milima ya mpakani na Burundi, ukapita Kibondo, ukazunguka hadi kwenye vinamasi vinavyopokea pia maji ya Muyovozi, ndipo ukageukia magharibi kwenda Ziwa Tanganyika. Ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi ilitangazwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar, ya kwanza Tanzania kupewa hadhi hiyo, na ina zaidi ya kilomita za mraba 32,000. Ni kubwa kuliko nchi nzima ya Burundi. Dunia ilisimama ikasema mahali hapa ni pa thamani, na maji yanayoingia humo yanapita kwanza mikononi mwenu.

Viongozi, nimewaweka karibu na mwisho kwa sababu uharibifu huu hamkuufanya, mliuacha ufanyike. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu. Hamhitaji sheria mpya. Mwenyekiti wa kijiji anayeletewa fungu la samaki usiku na asiulize limetoka wapi ameuza mto wa kijiji kwa kitoweo. Wachungaji mnaobatiza Ruchugini, mnawazamisha watu katika maji yenye sumu ya wiki iliyopita na hamjawahi kuitaja sumu hiyo madhabahuni. Masheikh mnaofundisha udhu, mnajua maji safi ni nini. Walimu, watoto wenu wa darasa la tano wanakariri sehemu za samaki kwenye ubao na hawajui kwamba mto unaopita nyuma ya shule una samaki ambaye hayupo kwingine duniani. Wapelekeni wakamwone wangali wanaweza.

Mto bado haujafa. Nasema hivi kwa sababu nimeona vijito ambavyo utupa haukufika kwa misimu michache, na samaki wakarudi, wadogo kwanza, kisha wakubwa. Perege huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka maji yakiwa mema. Anahitaji vidimbwi vya kiangazi viachwe, kuanzia mwezi wa sita hadi mvua zishike. Anahitaji wavu wenye matundu mapana, mgono na ndoano, na mtu anayemwona jike mwenye koo lililotuna akamrudisha majini upesi kabla hajatema.

Anahitaji pia mnunuzi, na hapa nawaambia kina mama na kina baba mnaokwenda sokoni Kasulu na Kibondo. Mkikuta fungu la samaki wa mtoni mwezi wa nane, wadogo kwa wakubwa wamechanganywa, hawana alama ya wavu wala jeraha la ndoano, mwulizeni muuzaji wamekufaje. Mwulizeni kwa sauti, wengine wasikie. Akikosa jibu, rudisheni fedha mfukoni, mwende kwenye meza ya dagaa wa Kigoma.